Kiuno cha gitaa na paja la mpigaji

Mpiga gitaa akiketishwa kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, kazi imeshaharibika kabla ya wimbo wa kwanza. Mkia wa gitaa unagonga mkono wa kiti upande wa kulia, shingo inasukumwa mbele, na kiwiko cha kushoto kinakosa pa kwenda. Hana budi kusogea hadi ukingoni, akae tako moja, mgongo umepinda, bega hili juu na lile chini. Hivyo ndivyo anavyopiga tangu bibi harusi ashuke garini hadi keki ikatwe, na wazee wakirefusha hotuba, hata zaidi ya hapo. Nyamache hakuna sherehe isiyo na viti hivyo. Vinaletwa pamoja na hema kwa lori moja, wageni wanaketi, na bendi inapewa vilivyobaki.

Kesho yake mtu huyo huyo yuko kwenye majani chai. Nyamache iko katika eneo la Bobasi, kaunti ya Kisii, juu kwenye vilima vya upande wa Transmara, na kiwanda chake cha chai kilicho chini ya Wakala wa Maendeleo ya Chai Kenya, KTDA, hupokea majani ya wakulima wadogo wa huku. Gitaa peke yake halimlishi mtu, kwa hivyo wengi wanaolipiga wana mashamba, wana pikipiki za kubeba abiria au wana vibanda sokoni. Anayechuma chai hubeba kikapu mgongoni asubuhi nzima kwenye mteremko. Jioni mkanda wa gitaa unakuja kukaa pale pale ulipokaa mkanda wa kikapu. Bega halijui kwamba hii sasa ni burudani.

Nimekuwa nikisikiliza wapigaji wa Kisii na Nyamira wakizungumzia magitaa. Husifu sauti, husifu rangi, hubishana kuhusu jina lililoandikwa kichwani na kama ni la kweli au la kubandika. Swali la gitaa linakaaje mwilini halizuki, labda kwa sababu linaonekana ni la mtu mvivu. Mimi naliona ni swali la kwanza. Maumivu ya mgongo yakianza, mpigaji huanza kukwepa sehemu ngumu za wimbo, na msikilizaji hulaumu vidole.

Tuanze mbali kidogo, Fullerton, California. Leo Fender alikuwa fundi wa redio ambaye hakujua kupiga gitaa, na pengine hilo lilimsaidia: alilazimika kuwasikiliza waliojua. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme la ubao mmoja mnene, lenye kingo kali, ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Lilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kukarabati, lakini wanamuziki walilalamika. Ukingo wa nyuma uliwachoma mbavu na wa mbele ukawakata mkono wa kulia. Stratocaster ya mwaka 1954 ilikuja imechongwa nyuma kwa ajili ya tumbo na mbele kwa ajili ya mkono. Karibu kila gitaa la umeme la bei nafuu linalouzwa Kenya leo ni mtoto au mjukuu wa umbo hilo.

Fender hakuishia hapo. Aliwataka wapigaji wa jazi, na wapigaji wa jazi wakati ule walipiga wameketi. Mwaka 1958 akatoa Jazzmaster, na hati ya kulinda umbo lake aliyoiomba mwaka huo akapewa mwaka 1960.

Jambo jipya lilikuwa kiuno. Gitaa la kawaida lina viuno viwili vinavyotazamana, kimoja juu na kimoja chini, na ukilikata katikati kwa msumeno, pande mbili hazitofautiani sana mbali na pembe za juu. Katika Jazzmaster viuno havitazamani. Kimoja kimesogea kuelekea shingo, kingine kimerudi kuelekea mkia, na mwili mzima umelala upande, kama mtu aliyesimama akaegemea mguu mmoja. Ukiliona ukutani dukani unaweza kudhani mbao zilipindishwa na mvua. Ukiliweka pajani ndipo unapoelewa. Anayeketi na gitaa halishiki wima mbele ya kifua. Hulilaza kidogo, mkia ukirudi nyuma ya nyonga na shingo ikipanda. Mwili uliolazwa upande umeshaufuata mkao huo, na mkono wa kulia unapumzika juu ya mbao pasipo ukingo.

Kinachofanya kazi hapo ni kiuno cha chini, kwa sababu ndicho kinachokalia paja. Kikiwa mahali pabaya, kichwa cha gitaa huzama kuelekea sakafuni. Hapo mkono wa kushoto unabeba kazi mbili kwa mpigo: kubana nyuzi na kuinua shingo. Mwangalie mpigaji anayesumbuliwa na hali hiyo. Kidole gumba chake kimebana nyuma ya shingo hadi ukucha umekuwa mweupe, na kila baada ya wimbo anakunjua mkono na kuukung'uta. Akiulizwa, atasema ni baridi. Nyamache usiku ni baridi kweli, sikatai, lakini baridi haichagui mkono mmoja.

Wapigaji wengi wa jazi waliotengenezewa gitaa hilo walilikataa. Waliendelea na magitaa yao makubwa yenye matumbo matupu. Waliolipenda ni vijana wa pwani ya California waliopiga muziki wa mawimbi (surf) mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fender akaongeza ndugu zake: besi iitwayo Jazz Bass mwaka 1960, Jaguar mwaka 1962, Mustang mwaka 1964. Mwaka 1965 kampuni ikauzwa kwa kampuni ya utangazaji ya CBS kwa dola milioni 13. Mtindo wa muziki ukageuka, Jaguar ikaacha kutengenezwa mwaka 1975 na Jazzmaster ikafuata mwaka 1980. Magitaa hayo yakajaa kwenye maduka ya vitu vya mitumba Marekani kwa bei ya kutupwa, na wasio na pesa wakayanunua. Mwanamuziki wa Uingereza Elvis Costello alishika Jazzmaster kwenye jalada la albamu yake ya kwanza mwaka 1977. Baadaye wakaja wanamuziki wa roki: Sonic Youth, J Mascis, Kevin Shields, na Kurt Cobain na Jaguar yake ya mwaka 1965. Bei ikapanda tena. Umbo lililodharauliwa likaokolewa na watu ambao hawakuweza kununua jingine.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Abagusii hawakungoja California ndipo wajue kupiga ala wameketi. Obokano, ala yetu kubwa ya nyuzi nane, bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe na mikono miwili inayobeba mti wa kukazia nyuzi, hupigwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda kifupi. Uzito wake unachukuliwa na ardhi. Mikono yote miwili iko huru kwenye nyuzi, kifua kiko wazi kwa kuimba, na hakuna kinachoning'inia begani. Ni ala nzito, yenye sauti nzito inayokoroma, na bado mwimbaji hukaa nayo muda mrefu akisifu, akisimulia na kukejeli. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji, ameipandisha majukwaani Nairobi na kuwafikia vijana ambao hawakuwahi kuiona kijijini. Majirani zetu Wajaluo hukaa hivyo hivyo na nyatiti yao, nayo ni ya nyuzi nane, na kidole cha mguu kikivishwa pete ya chuma ya kugongea mdundo.

Gitaa lilipoingia magharibi mwa Kenya, lilirithi kigoda. Mtindo wa omutibo wa Waluhya, ambao George Mukabi aliupa jina kubwa kabla ya kufa mwaka 1963, ulikuwa wa gitaa kavu la kuketi, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kwenye nyembamba, huku mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Picha za enzi hizo zinaonyesha watu waliokaa wakatulia.

Benga ndiyo iliyowasimamisha. Ilitokea Nyanza kwa Wajaluo, gitaa la solo likichukua kasi ya nyatiti, na watu kama Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati, Tanzania, wakaitembeza kotekote na bendi ya Shirati Jazz hadi ajali ya barabarani ilipomuua mwaka 2006. Kwetu Kisii, marehemu Christopher Monyoncho aliiimba kwa Ekegusii na kizazi kizima kikamfuata. Benga haina huruma na mkono wa kushoto. Maneno yakiisha, nyuzi ndizo zinazoshika usukani: solo inapanda juu ya shingo, karibu na mwili, na kukaa huko dakika nyingi ikirudia na kubadilisha kidogo kidogo wakati watu wanacheza. Pale juu ndipo umbo la gitaa linapojulikana. Mbao ikiwa nene kwenye kiungo cha shingo, kiganja kinagota. Bega la chini la gitaa lisipokatwa vya kutosha, vidole havifiki. Na kichwa kikiwa kizito, shingo inashuka wakati hasa mkono uko mbali na haiwezi kuzuiwa.

Kwa nini basi swali la starehe halikuulizwa miaka yote hiyo? Nadhani jibu ni la mali. Katika bendi nyingi za Afrika Mashariki mpigaji hakuwa mwenye gitaa. Vyombo vilikuwa vya bwana mkubwa, vya baa, vya chama au vya shirika. Tanzania, bendi ya NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki wake kadhaa, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo, walipohamia kwa mfanyabiashara Hugo Kisima mwaka 1985, walikwenda na sauti zao na vidole vyao. Magitaa yalibaki kwa mwenyewe. Nairobi na Kisumu mambo hayakuwa tofauti, na hata leo Kisii kuna vijana wanaopiga kila mwisho wa wiki bila kumiliki hata mkanda. Mwenye vyombo hununua seti nzima kwa pamoja, akiangalia bei na mng'ao. Paja la mpigaji halimo kwenye hesabu zake.

Hali hiyo inabadilika, tena kwa haraka. Kijana wa Bobasi anaweza kuweka akiba, akaagiza gitaa lililotumika kutoka Nairobi, na likamfikia kwa basi la usiku. Kwa mara ya kwanza uchaguzi ni wake. Ndiyo maana naandika haya.

Na umbo la viuno vilivyopishana si geni Nyamache, ila limepita mlango wa nyuma. Ingia kwenye kanisa lolote la kilokole lenye bendi Jumapili asubuhi, utazame besi. Mara nyingi ni nakala ya Jazz Bass, na Jazz Bass ni mtoto wa Jazzmaster: mwili ule ule uliolala, viuno vile vile visivyotazamana. Besi ina shingo ndefu na vikazio vizito kichwani, kwa hivyo ilihitaji msaada huo kuliko gitaa lolote. Anayeipiga huenda hajawahi kusikia habari za Leo Fender, lakini mwulize kwa nini anaipenda kuliko ile ya zamani ya kanisa, atakwambia inatulia.

Jaguar na Mustang zina faida nyingine inayowafaa wapigaji wa benga kuliko wanavyodhani. Urefu wa uzi unaotetema, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ni inchi 24, yaani sentimita 61, wakati wa Jazzmaster na Stratocaster ni inchi 25 na nusu, karibu sentimita 65. Tofauti ya sentimita nne inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye vidole, vyumba vya shingo, yaani nafasi kati ya vyuma vyake, vinakaribiana, nyuzi zinalegea kidogo kwa sauti ile ile, na mwenye mkono mdogo anafika asipokuwa akifika. Kijana wa darasa la saba anayejifunzia gitaa la mjomba wake angefurahi sana na shingo ya namna hiyo.

Wasichana pia, na hapa magitaa yote ya zamani yalikosea kwa pamoja, kwa sababu yalichorwa na wanaume kwa ajili ya kifua cha mwanamume. Mwaka 2016 mwanamuziki wa Marekani Annie Clark, anayejulikana kwa jina la St. Vincent, alitoa gitaa alilolibuni na kampuni ya Ernie Ball Music Man: jepesi, jembamba kiunoni, lenye nafasi kwa matiti.  Katika vikundi vya kwaya vya Nyamache na Ogembo wasichana wanaanza kushika gitaa, na wengi wao hupewa lile zito lililobaki kabatini.

Nisije nikaonekana nauza bidhaa, Jazzmaster ina kasoro zake, na mpigaji wa huku atakutana nazo mapema. Kwanza ni kubwa. Mwili wake ni mrefu kuliko wa Stratocaster, hivyo mkoba wa kawaida unakataa kufunga zipu, na kwenye pikipiki iliyobeba watu wawili kuteremka barabara ya murami, mkia mrefu ni taabu. Uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo tatu na nusu na nne. Kiuno kizuri hakipunguzi hata gramu. Kwa anayesimama usiku kucha, mkanda mpana wa ngozi utamfaa zaidi ya umbo lolote. Kwa anayeketi, dawa ni benchi au stuli isiyo na mikono, ile ile ya kinyozi.

Kasoro ya pili ni daraja. Katika Jazzmaster na Jaguar daraja limesimama kwa miguu miwili inayoyumba ndani ya vikombe, na nyuzi zinapita juu yake kwa mteremko mdogo sana kwenda kwenye kifungio kilicho mbali nyuma. Mpangilio huo ulibuniwa enzi za nyuzi nene. Wapigaji wa huku hutumia nyuzi nyembamba na huzichapa kwa nguvu, na uzi wa kwanza ukichapwa hivyo huruka kutoka kwenye mfereji wake katikati ya wimbo. Mafundi wana mbinu. Huchomeka kipande cha kadi ngumu kwenye kiungo cha shingo ili shingo iiname na daraja liinuliwe, huzungushia utepe kwenye miguu ya daraja isiyumbe, na huvalisha nyuzi za namba 11. Nyuzi nene kwenye urefu wa Jazzmaster zinarudisha kwenye vidole maumivu yaliyoondoka mgongoni. Kwenye Jaguar, kwa ufupi wake, zinavumilika. Kama ningelazimika kuchagua moja kwa ajili ya solo ya benga, ningechukua Jaguar, au nakala yake yenye daraja la kawaida lisiloyumba, na nisingeona aibu kwamba ni nakala.

Jinsi ya kupima ni rahisi na haihitaji umeme. Keti kwenye benchi, weka gitaa pajani, kisha achia mikono yote miwili. Likibaki lilivyo, endelea kulijaribu. Kichwa kikianguka, lirudishe ukutani hata kama rangi imekuvutia. Halafu shika kama unayepiga, pandisha mkono hadi chumba cha kumi na tano, na usikilize bega la kushoto: likipanda kuelekea sikio, mwili wa gitaa unakunyima njia. Mwisho vuta pumzi ya kuimba. Wapigaji wengi wa Kisii ni waimbaji pia, na gitaa linalokandamiza tumbo linakula maneno ya mwisho ya kila mstari. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwambie unanunua kitu cha kukaa nacho, si rangi.

Na asiye na pesa za kununua jingine anaweza kupunguza adha ya alilonalo. Gitaa la ubao mnene lina unene wa karibu sentimita nne na nusu, na seremala yeyote hodari wa Nyamache anaweza kulichonga ukingo wa mbele na kuondoa nyama nyuma, mahali tumbo linapogusa. Toa kwanza nyuzi na vifaa vyote. Pima kwa rula vishimo vya nyaya viko wapi na kina chake ni kiasi gani, tupa isije ikatobolea ndani. Rangi ya kiwandani ni nene na hupasuka kwa vipande vikubwa, kwa hivyo chora mpaka kwa kisu kikali kabla ya kugusa mbao. Anza na tupa ya meno makubwa, malizia na msasa, na funika pua na mdomo, kwani vumbi la rangi hiyo si la kuvuta. Kisha paka mafuta ya kitani au vanishi. Bei yake sokoni itashuka mara moja, maana hakuna mnunuzi anayependa gitaa lililoguswa na tupa. Fanya hivyo kwa gitaa ambalo huna nia ya kuliuza.